Kulijua anga la usiku ukiwa Afrika Mashariki: mwongozo kamili wa anayeanza

Wengi wanaotamani kuujua ulimwengu huanzia kwenye video za mashimo meusi na mlipuko mkuu wa mwanzo. Baada ya wiki chache hamu inapoa, kwa sababu yote hayo wameyasikia tu. Hakuna walichokiona kwa macho yao. Mimi nakushauri uanzie nje ya nyumba yako, bila kununua chochote. Ukishalifahamu anga unaloliona, yale ya vitabuni yatapata mahali pa kukaa.

Na sisi tumebahatika kwa mahali tulipo. Mtu wa London akikaa kwao maisha yake yote hatauona Msalaba wa Kusini. Mtu wa Cape Town hataiona Nyota ya Kaskazini, wala kundinyota la Dubu Mkubwa likiwa zima. Sisi tulio karibu na ikweta, tangu Kampala na Nairobi hadi Mombasa, Bujumbura na Dar es Salaam, hupitiwa na karibu anga lote ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo kuwa mwangalifu na ramani za nyota na miongozo iliyoandikwa Ulaya au Marekani: nyingi zimetengenezwa kwa watu wa latitudo 40 au 50 kaskazini. Maelekezo yake yatakupoteza, kisha utadhani shida ni macho yako.

Hatua ya 1: Tafuta giza, kisha yape macho muda

Adui wa nyota ni taa. Katikati ya Kariakoo au Nairobi mjini utaona Mwezi, sayari angavu na nyota chache kubwa, na hizo zinatosha kwa hatua tatu zinazofuata. Kwa mengine utahitaji kijijini, ufukweni, shambani, au juu ya paa upande usio na taa za barabarani. Umeme ukikatika mtaa mzima, toka nje mara moja. Usiku wa mgao huonyesha nyota ambazo watoto wa mjini hawajawahi kuziona.

Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na mwanga mweupe wa simu huyarudisha mwanzo papo hapo. Funika tochi kwa nailoni au karatasi nyekundu inayopitisha mwanga, kwa kuwa mwanga mwekundu hafifu hauyasumbui sana macho yaliyokwisha kuzoea. Kitu kikiwa hafifu mno, usikikazie macho. Tazama kando yake kidogo, kwani pembeni mwa jicho ndiko kwenye uwezo mkubwa wa kuona gizani.

Usiku mzuri wa nyota ni ule usio na Mwezi, na hapa kalenda ya Kiislamu ya ukutani ni chombo cha kazi, maana tarehe yake ndiyo umri wa Mwezi. Kuanzia kama tarehe 20 Mwezi huchelewa kuchomoza na jioni yote ni yako, hadi tarehe 3 au 4 ya mwezi unaofuata. Kwa majira, Juni hadi Septemba ndiyo miezi yenye mawingu machache katika sehemu kubwa ya Tanzania. Masika hutunyima mengi.

Hatua ya 2: Tambua kaskazini na kusini pako

Bila pande huwezi kufuata maelekezo yoyote. Kwa watu wa pwani hili ni jepesi ajabu. Makka iko karibu kwenye mstari uleule wa longitudo na Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, kwa hiyo kibla huko ni karibu kaskazini kamili. Msikiti wa mtaani kwako unakuonyesha kaskazini. Upe mgongo mwelekeo huo nawe unatazama kusini. Ukiwa mbali na pwani tumia dira ya simu, lakini ihakiki kwa kutazama Jua linapozama, nalo litakuwa magharibi, likisogea kidogo kusini au kaskazini kulingana na mwezi.

Jifunze pia kupima angani kwa mkono. Nyoosha mkono mbele yako: ngumi ni kama digrii 10, na kidole kidogo ni kama digrii 1. Mwezi una nusu digrii tu, kwa hiyo kidole hicho kimoja kinaufunika na nafasi kubaki. Ujaribu usiku Mwezi unapochomoza ukiwa mpevu na unaonekana mkubwa mno: kidole bado kitaufunika.

Hatua ya 3: Fuata Mwezi kwa mzunguko mmoja

Chukua daftari. Kila jioni saa 1 chora umbo la Mwezi na mahali ulipo. Hilali utaiona magharibi punde baada ya Jua kuzama. Jioni ya pili, saa ileile, itakuwa imepanda zaidi ya ngumi moja kuelekea mashariki. Karibu na siku ya 7 nusu Mwezi itakuwa juu sana. Karibu na siku ya 14 Mwezi mpevu utachomoza mashariki wakati Jua linazama magharibi. Baada ya hapo huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, na mzunguko mzima huchukua siku 29 na nusu.

Michoro hiyo itakuonyesha kitu ambacho wengi hukikosea: umbo la Mwezi halitokani na kivuli cha Dunia. Upande ung'aao daima umeelekea lilipo Jua. Kivuli cha Dunia huugusa Mwezi wakati wa kupatwa kwake tu.

Angalia na jinsi hilali inavyokaa. Kwetu hulala chali, pembe mbili zikielekea juu, kwa kuwa njia wanayopita Jua na Mwezi huukata upeo wa macho karibu wima. Ulaya hilali husimama kiubavu. Katika siku hizo za mwanzo tazama pia sehemu yenye giza: utaona Mwezi mzima kwa ufifi, umeangazwa na mwanga wa Jua uliogonga Dunia ukarudi kule juu.

Hatua ya 4: Tenganisha sayari na nyota

Nyota humetameta. Sayari kwa kawaida hutulia, isipokuwa zikiwa chini sana karibu na upeo. Sayari tano huonekana kwa macho matupu, nazo hupita kwenye njia ileile ya Jua na Mwezi, ambayo kwetu huenda karibu na utosi.

Zuhura ndiyo angavu kuliko zote. Haiachani na Jua kwa zaidi ya digrii 47, kwa hiyo utaiona magharibi jioni au mashariki alfajiri, kamwe si katikati ya usiku. Mshtarii huifuata kwa mwanga, nayo inaweza kuwaka usiku kucha. Huchukua karibu miaka 12 kulizunguka Jua, hivyo kila mwaka utaikuta imehamia kundi jingine la nyota. Mirihi ina wekundu na hung'aa sana kila baada ya miezi 26 hivi. Zohali ni ya manjano iliyopoa, na mwendo wake ni wa taratibu: miaka 29 kwa mzunguko mmoja. Utaridi ndiyo ngumu, kwa kuwa iko karibu na Jua. Ila hapa pia ikweta inatusaidia, kwani njia ya sayari inasimama wima, na Utaridi hupanda juu ya upeo kuliko Ulaya.

Ili kujua sayari zipi ziko juu usiku huu, weka programu ya Stellarium kwenye kompyuta, ambayo ni ya bure, na uiambie mahali ulipo. Itumie kabla ya kutoka nje. Ukiitazama skrini muda wote utajifunza skrini.

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu karibu kila Agosti ukidai kwamba Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi. Si kweli, wala haiwezi kuwa kweli. Hata ikitukaribia kabisa, upana wake angani ni chini ya sehemu moja ya 70 ya ule wa Mwezi. Anayekutumia ujumbe huo mwalike nje mkaitazame pamoja.

Hatua ya 5: Nyota za kuanzia, msimu kwa msimu

Usijaribu kukariri makundinyota yote 88. Shika machache yanayotambulika kirahisi, kisha kutoka hapo tembea kwenda kwa jirani zake. Nisiposema vinginevyo, mahali nitakapopataja ni pa saa 3 usiku.

Mwishoni mwa Januari tazama karibu na utosi. Nyota tatu zilizopangana mstari mfupi ni mshipi wa Jabari, ambaye ramani nyingi humwita Orion. Upande wa kaskazini wa mshipi iko Betelgeuse, nyota nyekundu. Upande wa kusini iko Rigel, ya rangi ya samawati iliyo karibu na nyeupe. Zitazame kwa zamu mpaka uione tofauti ya rangi, kwa kuwa tofauti hiyo ni joto. Uso wa Betelgeuse una takriban nyuzi 3,300 za Selsiasi, wa Rigel takriban 12,000, na wa Jua letu kama 5,500. Nyekundu ndiyo yenye joto dogo. Hapo umepima joto la kitu kilicho mbali mno, nawe umesimama uani kwako.

Sasa ufuate mstari wa mshipi kuelekea kusini-mashariki. Utafika kwa Sirius, yaani Shira, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Kusini zaidi yake iko ya pili kwa mwanga, Canopus, ambayo mabaharia wetu huiita Suheli. Rudi kwenye mshipi uufuate upande wa pili, kaskazini-magharibi: utapita Aldebaran yenye wekundu, kisha utafika kwenye fungu dogo la nyota zilizosongamana. Hicho ni Kilimia.

Kilimia nakuomba ukipe mwaka mzima. Wahenga walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ndani ya methali hiyo mna uchunguzi wa anga uliofanywa kwa uangalifu mkubwa. Mwishoni mwa Aprili Kilimia huonekana chini kabisa magharibi baada ya magharibi kuingia. Katikati ya Mei Jua linapita karibu nacho, kwa hiyo hakionekani kabisa. Kufikia katikati ya Juni kinachomoza mashariki kabla ya alfajiri kupambazuka. Andika jioni ya mwisho uliyokiona na hali ya hewa ya siku hiyo, kisha alfajiri ya kwanza uliyokiona tena na hali yake ya hewa. Fanya hivyo miaka kadhaa, nawe utaweza kuipima methali kwa kumbukumbu zako mwenyewe.

Katikati ya Mei geuka kusini. Msalaba wa Kusini utakuwa umesimama wima, mdogo kuliko watu wanavyoutarajia: urefu wake ni kama digrii 6, hata ngumi haujai. Kushoto kwake ziko nyota mbili angavu zinazouelekea. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alpha Centauri. Ikumbuke, tutaihitaji mbele. Mti mrefu wa Msalaba ukiurefusha kwenda chini mara nne na nusu, unafika kwenye ncha ya kusini ya anga, yaani nukta ambayo nyota za kusini huonekana kuizunguka. Ukiwa Nairobi ncha hiyo iko karibu sawasawa na upeo wa macho. Ukiwa Dar es Salaam iko juu yake kwa karibu digrii 7. Bila kuhama, geuka sasa kaskazini: nyota saba za Dubu Mkubwa ziko pale, zimepinduka. Kuyaona yote mawili kwa pamoja, mzima kwa mzima, ni jambo la watu wa ukanda wetu.

Kuanzia Julai hadi Septemba ni zamu ya Nge, na hili ndilo anga ninalolipenda kuliko yote. Moyo wake ni Antares nyekundu, na mkia uliojikunja unaonekana wazi, wala huhitaji kuelezwa kwa nini aliitwa nge. Karibu na ncha ya mkia huo, upande wa kaskazini, ndiko kwenye kitovu cha galaksi yetu, yaani kundi kubwa mno la nyota ambamo Jua letu ni moja, umbali wa miaka ya nuru 26,000 (kipimo hiki nitakieleza katika Hatua ya 6). Mahali penye giza la kweli utaona Njia Nyeupe, ukanda wa mwanga hafifu wa nyota za galaksi hiyo, ikipita utosini kutoka upeo hadi upeo, na ndani yake mabaka meusi. Si matundu hayo. Ni mawingu ya vumbi yanayoziba nyota zilizo nyuma yake. Kwenye kitovu chenyewe kuna shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki, lenye uzito wa takriban Majua milioni 4, na picha yake ya kwanza ilitolewa Mei 2022.

Septemba, upande wa kaskazini, yupo Cygnus, ndege aliyenyoosha shingo juu ya Njia Nyeupe. Katika shingo hiyo kuna kitu kisichoonekana kwa macho kiitwacho Cygnus X-1, na historia yake inatuhusu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza anga kwa miale ya eksirei, na ilipewa jina Uhuru. Vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilisaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba mashimo meusi yapo kweli, si hesabu za karatasini tu. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002.

Novemba, kaskazini, katika giza zuri, kuna kiwingu kidogo kirefu kiitwacho Andromeda. Ni galaksi nyingine nzima, miaka ya nuru milioni 2.5 kutoka hapa, na ndicho kitu cha mbali kabisa ambacho wengi wetu tunaweza kukiona bila chombo chochote.

Hatua ya 6: Ushike umbali mikononi

Namba za anga huteleza akilini. Dawa yake ni kuzitembea kwa miguu. Nenda kwenye uwanja wa shule na mpira wa miguu wa kawaida, wenye upana wa sentimita 22. Huo ndio Jua. Dunia ni punje ya uwele ya milimita 2. Iweke mita 24 kutoka kwenye mpira. Mwezi ni chembe iliyo sentimita 6 kutoka kwenye punje, na hakuna binadamu aliyefika mbali kuliko ujirani huo wa Mwezi. Mshtarii ni gololi kubwa iliyo mita 123 kutoka kwenye mpira. Neptune, sayari ya mwisho, iko zaidi ya mita 700, na bila shaka utakuwa umekwishatoka nje ya uwanja.

Sasa iulize nyota ile uliyoikumbuka, Alpha Centauri. Kubwa kati ya nyota zinazoiunda inakaribiana na Jua, kwa hiyo nayo ni mpira wa kiasi hichohicho. Kama mpira wako uko Nairobi, ule mwingine utauweka Paris, kilomita kama 6,500. Na hiyo ni jirani yetu wa karibu. Wanafunzi wakishatembea mita zile na kuambiwa kuhusu Paris, hunyamaza.

Kwa umbali wa namna hii kilomita hazifai. Tunatumia mwaka wa nuru, yaani umbali ambao mwanga huenda kwa mwaka mmoja ukikimbia kilomita 300,000 kila sekunde. Kutoka kwenye Mwezi mwanga hutufikia kwa sekunde 1.3, kutoka kwenye Jua, dakika 8 na sekunde 20. Kwa hiyo kila unachokiona angani ni cha zamani kidogo au sana. Tafuta nyota ya umri wako: Sirius iko miaka ya nuru 8.6, Procyon 11.5, Altair 17, Vega 25, Pollux 34, Arcturus 37, Capella 43, Aldebaran 65, Regulus 79. Mtoto wa miaka 8 akiitazama Sirius anapokea mwanga ulioondoka kule karibu na siku alizozaliwa. Bibi wa miaka 65 anayo Aldebaran. Ukikaa na familia nje, mpe kila mmoja yake.

Hatua ya 7: Ipime Dunia kwa fimbo

Hii ndiyo hatua ninayokusihi usiiruke. Eratosthenes, mwanazuoni wa Aleksandria nchini Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, alijua kwamba huko Syene, Aswan ya leo, siku moja ya mwaka adhuhuri Jua huwa utosini kabisa, wakati Aleksandria siku hiyohiyo vitu vina kivuli. Kwa tofauti hiyo aliukokotoa mzingo wa Dunia. Sisi wa tropiki tunaweza kurudia kazi yake, kwa kuwa Jua hupita utosini mwetu mara mbili kila mwaka.

Dar es Salaam hilo hutokea karibu na tarehe 3 Machi na 10 Oktoba. Mombasa karibu na 10 Machi na 3 Oktoba. Nairobi karibu na 17 Machi na 26 Septemba. Siku hiyo, muda fulani baada ya saa 6 mchana, nguzo iliyosimama wima haina kivuli hata kidogo.

Tafuta rafiki mmoja awe Dar es Salaam na wewe uwe Nairobi, au kinyume chake. Karibu na tarehe 3 Machi kila mmoja asimamishe fimbo ya mita 1 kamili, iliyonyooshwa kwa uzi wenye jiwe ili iwe wima. Kuanzia saa 6 mchana mpime kivuli kila baada ya dakika 5 mpaka saa 7, na mchukue kipimo kifupi kuliko vyote. Wa Dar es Salaam hatapata kivuli. Wa Nairobi atapata kivuli cha sentimita 9 hadi 10 kilichoelekea kaskazini.

Gawanya urefu wa kivuli kwa urefu wa fimbo: 0.096. Kwenye kikokotoo cha simu tafuta pembe ambayo tanjenti yake ni hiyo, nawe utapata digrii 5.5. Hiyo ndiyo tofauti ya pembe kati ya miji hiyo miwili kwenye mviringo wa Dunia, na mviringo mzima una digrii 360, yaani mara 65.5 zaidi. Umbali wa miji hiyo kwa kuhesabu kaskazini-kusini peke yake ni kama kilomita 611. Usitumie urefu wa barabara, kwa kuwa barabara hupinda na pia huenda mashariki. Zidisha 611 kwa 65.5: unapata karibu kilomita 40,000, na huo ndio mzingo wa Dunia. Mkikosea kivuli kwa nusu sentimita mtakosea jibu kwa kilomita 2,000 hivi, basi mpime kwa makini, tena mahali patambarare.

Hatua ya 8: Darubini, na ipi usinunue

Ukiisha kuzijua nyota kama 20 kwa macho, ndipo ufikirie chombo. Anza na darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na kwa nyota upana ndio mali, maana ndio unaokusanya mwanga. Zikwepe zile zinazojisifu kukuza mara nyingi sana. Hali kadhalika darubini zenye stendi ya miguu mitatu zinazouzwa kwa maandishi makubwa ya mara 500 kwenye boksi: kwa lenzi ndogo, ukuzaji huo hutoa ukungu unaotikisika.

Lala chali kwenye mkeka, au egemeza viwiko ukutani ili mikono itulie. Anza na Mwezi ukiwa nusu, kwenye mpaka wa mwanga na giza, ambako vivuli ni virefu na kreta zinajitokeza. Mwezi mpevu hauna vivuli na huumiza macho. Kisha Mshtarii: kando yake utaona vinukta hadi vinne, ambavyo ni miezi yake, vile ambavyo Galileo aliviona Januari 1610. Vichore usiku huu na kesho, nawe utaona vimehama. Kwenye Kilimia utahesabu makumi kadhaa ya nyota badala ya sita au saba. Kusini kidogo ya mshipi wa Jabari kuna wingu la gesi ambamo nyota zinazaliwa, miaka ya nuru kama 1,350 kutoka hapa. Pete za Zohali zitakuhitaji darubini kubwa zaidi, inayokuza mara 25 au kupita.

Kamwe usiielekeze darubini kwenye Jua. Jicho hupofuka mara moja, bila maumivu ya kukuonya.

Hatua ya 9: Vitu vipitavyo

Nukta nyeupe isiyopepesa, inayokatiza anga kwa dakika chache baada ya magharibi au kabla ya kupambazuka, ni setilaiti. Angavu zaidi ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilicho kilomita kama 400 juu na kinachoizunguka Dunia kwa dakika 90 hivi.

Kwa vimondo, panga usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba, kama saa 8 usiku. Lala chali ukitazama sehemu yoyote yenye giza. Vingi ni chembe ndogo zinazoungua juu sana. Ukitaka kugusa kikubwa kilichofika ardhini, nenda Mbozi mkoani Songwe, kilipo kimondo cha chuma chenye urefu wa kama mita 3, kati ya vikubwa vinavyojulikana duniani.

Hatua ya 10: Jiandae kwa kupatwa kwa Jua

Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kuliona Jua likibaki pete ya mwanga pembeni mwa Mwezi. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa lote katika njia itakayopita Afrika Kaskazini, Luxor nchini Misri, Jeddah na Makka, hadi Yemen na Somalia. Luxor giza litadumu zaidi ya dakika 6. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki itaona Jua likimegwa upande. Tarehe 21 Mei 2031 pete itarudi, ikipita Angola, Kongo, Zambia na Tanzania.

Filamu ya eksirei, miwani ya kawaida ya jua, sidii na beseni la maji havilindi macho, hata kama ndivyo tulivyofundishwa utotoni. Tumia miwani maalumu yenye alama ISO 12312-2, au kioo cha fundi wa kuchomelea namba 14. Usipovipata, toboa tundu dogo kwenye kadi ngumu, lipe Jua mgongo, na uuache mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe: picha ya Jua lililomegwa itatokea pale, na watoto wote wanaweza kuitazama kwa pamoja. Wakati wa kupatwa kwa pete, miwani isivuliwe hata sekunde moja, kwa sababu pete yenyewe bado ni Jua. Wale watakaokuwa kwenye njia ya 2027 wataivua pale tu Jua litakapofunikwa lote, na kuivaa tena mara mwanga wa kwanza unapochomoza ukingoni.